SOMO: Haidranti na maji ya zimamoto kwenye apatimenti, kuanzia ramani mpaka kupima

Wakuu habari za jumapili. Naandika hii mara moja, atakayekuja tena inboksi na "fundi haidranti niweke wapi" namtumia hapa. Haidranti ni ule mdomo wa bomba ambapo zimamoto wanaunga mpira wao wa maji. Wiki hii wamefika wanne na wote jengo lishapigwa slabu ya pili ndio wanakumbuka zimamoto.

Kazi yangu ni mabomba na pampu za majengo, niko Dar. Mfano nautoa kwenye apatimenti ya ghorofa 5, familia 24, mtaa wa kawaida wenye mgao wa maji. Viwango vya umbali ni vya Uingereza maana ndivyo wahandisi wetu wengi wanavitumia, zimamoto wakikupa masharti makali zaidi fuata ya kwao.

Hatua ya 1. Ramani ipite Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla hujachimba msingi.

Hatua ya 2. Anza na gari. Njia iwe na upana wa mita 3.7, geti mita 3.1, na ardhi ibebe tani 12.5. Hapo kwenye tani ndio watu wanasahau karo (shimo la maji taka), Dar karo nyingi ziko chini ya paving palepale getini na mfuniko umepigwa kwa ajili ya gari ndogo, gari la zimamoto likizama hapo jengo lako na la jirani yote hayana msaada. Angalia na nyaya za umeme zilizolegea.

Hatua ya 3. Haidranti iwe ndani ya mita 90 kutoka mlango wa kuingilia, na isiwe karibu na ukuta chini ya mita 6 maana vioo vinadondoka na joto linamfukuza anayefungua. Pima anavyotembea mtu na mpira, akizunguka fensi na kibanda cha mlinzi, usivute mstari mnyoofu kwenye ramani. Na pasiwe sehemu ya kupaki.

Hatua ya 4. Pima maji ya mtaani. Hapa someni taratibu.

Mwaka 2016 nilifunga geji ya presha kwenye bomba la mtaa ikasoma bar 4 (bar ni kipimo cha presha), nikafurahi, nikaandika maji yapo ya kutosha na haidranti ikaungwa moja kwa moja bila tanki. Watu wakahamia. Miezi miwili baadaye mwenye jengo akataka kuona inavyofanya kazi, tukafungua, maji yakaruka vizuri kama sekunde kumi alafu yakalegea mpaka yanadondokea miguuni kwa kijana aliyeshika nozo. Geji karibu sifuri. Nilikuwa nimepima maji yaliyosimama, na nilipima saa 9 usiku kwa sababu ndio muda maji yanatoka mtaa ule, watu wamelala hakuna anayevuta. Alafu tawi la kuingia kwetu lilikuwa inchi 2. Bomba la inchi 2 ukilinganisha na la inchi 4 kwa maji yaleyale, msuguano unapanda karibu mara 32, presha yote inaishia njiani. Tulivunja paving, tukachimba tanki, na nusu ya gharama nilibeba mimi kwa haki kabisa. Ila kilichoniuma sio hela, ni familia zilizolala miezi miwili chini ya ripoti yangu zikijua zina maji.

ONYO: geji peke yake haisemi wingi wa maji. Omba ruhusa mamlaka ya maji, fungua, soma presha maji yakiwa yanatembea. Huna mita ya kupima maji? Chukua pipa la lita 200 na saa. Likijaa kwa sekunde 12 una lita 1,000 kwa dakika, likijaa kwa sekunde 40 una lita 300 tu.

ONYO la pili: pima muda watu wanaoga na kufua, saa 12 mpaka saa 2 asubuhi. Presha ya kwenye bomba la mtaa ikishuka chini ya bar 1.4 usiendelee kuvuta, bomba litaanza kunyonya uchafu kwenye nyufa na majirani watakunywa.

Hatua ya 5. Akiba. Mtaa wenye mgao hesabu kwamba maji ya bomba hayapo. Mipira miwili nakadiria lita 1,000 kwa dakika, dakika 45, ni lita 45,000. Gari lenye lita 5,000 linaisha dakika 5, kwahiyo usitegemee maji ya gari. Tanki la chini la mita 5 kwa 3 linabeba lita 15,000 kila mita moja ya kina: mita 3 za chini ni za zimamoto, mita 1 ya juu ni ya familia. Pampu ya nyumbani isiruhusiwe kufika zile tatu.

Hatua ya 6. Pampu ya dizeli, au ya umeme yenye laini yake inayotoka kabla ya meni swichi, maana moto ukianza kitu cha kwanza watu wanachofanya ni kukata umeme.

Hatua ya 7. Fungua kila miezi sita, andika tarehe.

MASWALI

Kiboko_wa_site: Mkuu fupisha, ghorofa 5 haidranti ngapi?

Jibu: Hatua ya 3. Pima umbali.

Kiboko_wa_site: Nimesoma ila nataka namba tu.

Jibu: Sijui kiwanja chako kaka. Chukua tepu.

Mama_Tegeta: Fundi, nina simtanki mbili za lita 5,000 juu ya paa, si zinatosha? Maji yanashuka yenyewe.

Jibu: Dada yangu kila mita 10 ya kushuka ni bar 1. Paa la mita 15 linakupa bar 1.5 chini, na ghorofa ya juu ambako moto unaweza kuwa unakupa karibu na hakuna. Na lita 10,000 ni dakika 10. Hizo ni za kuoga.

mzee_wa_kigogo: Unatisha watu ili uuze pampu.

Jibu: Siuzi pampu, na nimesema wazi makosa yangu. Kama kuna hesabu hapo juu imekosewa ionyeshe nirekebishe.

Neema_uhandisi: Shikamoo fundi. Hizo mita 3 za chini zisipotumika maji si yataoza? Na pampu ya nyumbani unaizuiaje, kwa valvu?

Jibu: Marahaba mwanangu, hili ndio swali. Valvu kuna siku mtu ataifungua. Bomba la kunyonya la nyumbani lishushe mpaka chini, alafu litoboe tundu kwenye usawa wa ile mita 3. Maji yakiwa juu ya tundu pampu inavuta mengi ya chini, kwahiyo yanabadilika kila siku. Yakifika kwenye tundu inanyonya hewa na kupoteza maji, ya zimamoto yanabaki. Weka na floti ya kuzima pampu juu kidogo ya tundu isiungue. Maji mapya yaingie upande wa pili wa tanki.

Neema_uhandisi: Asante sana. Na uchochoro wa mita 2 gari haliingii kabisa?

Jibu: Bomba kavu. Mdomo wake uweke barabarani gari linapofika, matundu ya kutokea kila ghorofa, askari wanasukuma maji kutoka kwenye gari. Mdomo usizidi mita 18 kutoka gari linaposimama.

dogo_wa_Mbagala: Kwetu vifuniko vya shaba vimeibiwa vyote wameuza chuma chakavu.

Jibu: Weka vya plastiki vyenye mnyororo. Na kabla ya kununua haidranti nenda kituo cha zimamoto cha karibu uone mdomo wa mipira yao, wengi wanaagiza yenye nyuzi za kuzungusha kama za skrubu wakati mipira ni ya kubonyeza, haiungani.

Mama_Tegeta: Nimepima asubuhi hii kama ulivyosema. Pipa limejaa dakika moja na sekunde 40.

Jibu: Hizo ni lita 120 kwa dakika. Nitumie ukubwa wa kiwanja na karo iko wapi, tutafute pa kuchimba tanki.