Namna ya kumkosoa mpiga picha anayeanza: maua, chakula, watoto

Kila wiki kwenye kundi letu la picha hapa Uganda swali ni lile lile: "Nimetoa maoni ya kweli, mbona mwenye picha amenuna?" Nimechoka kulijibu mmoja mmoja. Yote nimeyaweka hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Itazame picha nusu dakika kabla ya kuandika neno.

2. Muulize alitaka kionekane nini. Jibu lake ndilo kipimo, si ladha yako.

3. Omba faili yenyewe. WhatsApp huibana picha, na ukali hauwezi kupimwa kwa picha iliyobanwa. Aitume kama dokumenti.

4. Tafuta chanzo kabla ya kutoa dawa. Hapa ndipo wengi huharibu: picha haina ukali, mtu anaandika "tumia tripodi" (stendi ya miguu mitatu) na kwenda zake. Ikuze uangalie. Kila kitu kimeburuzika upande mmoja, hata ukuta na meza? Mkono ulitikisika. Aegemee mahali au aongeze kasi ya shata, yaani kamera ifunguke na kufunga upesi zaidi. Kwa lenzi ya milimita 50 asishuke chini ya 1/60 ya sekunde, kwa ya 200 asishuke chini ya 1/200. Ukuta ni mkali ila mkono wa mtoto umeburuzika? Mtoto alisogea, na hapo tripodi haisaidii kitu. Anahitaji 1/500, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikipanda aiache ipande. Hakuna kilichoburuzika, lakini sikio ni kali na jicho limefifia? Fokasi, yaani mahali lenzi ilipolenga ukali, ilitua pabaya. Aguse jicho kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Ua la karibu lina shida yake: fokasi imetua sawa, ila kwa f/2.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana) eneo lenye ukali ni milimita chache tu, ndiyo maana katikati ya ua ni kali na petali zimeyeyuka. Mwambie f/8, tundu dogo zaidi, au arudi nyuma kidogo kisha aikate picha. Simu nayo ikisogezwa karibu mno haishiki fokasi kabisa.

Onyo: usikisie mipangilio. Kasi, apecha (ukubwa wa tundu, ile namba ya f) na ISO vimeandikwa ndani ya faili. Ukimpa dawa ya mkono kwa ugonjwa wa fokasi, atarudi na picha ile ile, na safari hii hatakuamini.

5. Mwanga. Kwetu hapa ikweta jua la saa sita liko utosini, na macho ya mtoto hugeuka mashimo meusi. Usiandike "mtoto amenuna". Andika: "msogeze barazani, uso uelekee nje." Jioni jua huzama wima na mwanga mzuri haukawii, saa kumi na mbili awe tayari ameshika kamera.

Chakula: matoke yakitoka na ukijani, mara nyingi taa ya tyubu imechanganyika na mwanga wa dirisha. Azime taa, asogeze sahani dirishani. Mchuzi wa karanga ukipoa hufanya utando juu, kwa hiyo apange meza kwanza, apakue mwisho. Luwombo (kitoweo kilichopikwa ndani ya jani la mgomba) iliyofunguliwa hupigwa kutoka juu. Rolex (chapati iliyoviringishwa na yai) iliyokatwa, kutoka ubavuni, yai na nyanya vionekane.

Haibiskasi nyekundu isiyo na mishipa kwenye petali si kosa la fokasi. Wekundu umejaa hadi umefuta kila kitu. Apunguze mwanga theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu).

6. Andika mambo matatu tu: cha kubakiza, kosa moja, la kufanya safari ijayo. "Picha nzuri, boresha mwanga" si maoni. Haya ndiyo maoni: "Mvuke wa matoke umeonekana kwa sababu nyuma kuna giza, ubakize. Ukingo wa kushoto wa sahani umeungua kwa mwanga, umebaki mweupe mtupu. Safari ijayo tundika shuka jeupe jepesi dirishani."

MASWALI

Mwanachama, Mbale: Nimeweka picha ya waridi. Nzuri au mbaya?

Jibu: Soma hatua ya 2. Ulitaka kionekane nini?

Mwanachama, Mbale: Nataka tu kujua kama ni nzuri.

Jibu: Hilo watakujibu nyumbani.

Mwanachama, Jinja: Ssebo, watoto wetu ni weusi na sare ni nyeupe. Nikimshauri mtu aongeze mwanga, shati linaungua. Nimwambieje?

Jibu: Swali zuri, nnyabo. Kamera huvuta kila kitu kuelekea kijivu cha katikati, kwa hiyo mbingu ikiwa nyuma, uso huzama. Amsogeze mtoto ukingoni mwa kivuli, ageuze kiwiliwili kidogo kando ya mwanga, uso ubaki umeuelekea. Shati litapata mwanga mdogo kuliko uso. Kisha apime mwanga usoni. Pindo la shati likiungua kidogo, si neno. Na usimshauri "amng'arishe" mtoto kwa programu: kinachokosekana ni ule mng'ao wa paji na shavu, nao huletwa na mwanga wa upande.

Mwanachama, Gulu: Hatua ya 4 ndefu mno. Si useme tu anunue kamera nzuri?

Jibu: Kamera ya bei haimzuii mtoto kusogea. Urefu unabaki hivyo hivyo.

Mwanachama, Arua: Mtu kaweka picha ya mtoto wa jirani, beji ya shule inasomeka. Nikosoe kwanza, au niseme hilo?

Jibu: Hilo kwanza, tena faraghani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data na faragha inataka idhini ya mzazi au mlezi. Umenikumbusha: faili ya hatua ya 3 yaweza kubeba na mahali picha ilipopigwa. Kwa picha za watoto, azime kwanza huduma ya mahali kwenye kamera.

Mwanachama, Fort Portal: Nyongeza kwa maua: upepo ukisumbua, funga kibanio cha nguo kwenye kijiti, chomeka ardhini, kibane shina chini ya fremu.

Jibu: Safi sana. Na asubuhi mapema upepo huwa umelala.

Mwanachama, Jinja: Kibanio cha plastiki au cha mti?

Jibu: Cha mti. Cha plastiki nyekundu hurushia wekundu wake kwenye petali nyeupe.