Kumuuguza jogoo kwenye nyumba ya kupanga bila kuwaamsha majirani

Jogoo anayeumwa kweli hawiki. Siku za mwanzo utamsikia akikoroma, akipiga chafya na kukohoa, na sauti hizo hazivuki ukuta. Kuwika hurudi anapopata nafuu, wakati ambao watu wengi wameshaacha kumwangalia kwa makini. Kwa hiyo kazi ina sehemu mbili zinazofuatana: kwanza hewa, maji na dawa, kelele baadaye. Ukianza na kelele, utamfungia mgonjwa kwenye boksi la giza, atanyamaza, nawe utadhani boksi limefanya kazi kumbe anakufa.

Mtenge siku hiyo hiyo. Mchana akae kwenye tenga kivulini, mbali na kuku wengine, akiwa na vyombo vyake mwenyewe. Usiku aingie kwenye boksi lenye maranda makavu ya sentimita 5 hivi. Pumba za mpunga zina vumbi, na vumbi humzidishia mwenye mafua. Asiwekwe jikoni wala chumba wanacholala watu. Mhudumie wa mwisho, baada ya kuwalisha wazima, kisha unawe kwa sabuni.

Mwangalie kwa mpangilio. Gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, lipapase alfajiri kabla hajala: linatakiwa liwe tupu. Likiwa gumu au limejaa maji yanayonuka, chakula hakishuki, na kumlazimisha kula kutamziba zaidi. Shika mfupa wa kifua. Ukiwa umechongoka kama makali ya kisu, amekonda muda mrefu hata kama manyoya yanamficha. Uso uliovimba, jicho lililofumba kwa usaha na makamasi yenye harufu mbaya ni dalili za mafua ya kuku. Magamba meusi kwenye upanga na ndevu ni ndui. Yapake ayodini wala usiyabandue. Kinyesi cha kijani, mabawa yaliyolegea na shingo iliyopinda vinaashiria kideri. Hicho hakina dawa, shubiri na pilipili hazikiponyi, na chanjo hufaa kwa wazima tu. Wakianza kufa kadhaa kwa mpigo, mwite afisa mifugo wa kata. Usichinje wala kuuza, na mizoga ifukiwe kwa kina.

Maji ni muhimu kuliko chakula. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, na umwage yanayobaki kila siku. Asipokunywa mwenyewe, tumia bomba la sindano lisilo na sindano: dondosha matone pembeni mwa mdomo na usubiri ameze. Usimfungue mdomo na kumimina, maana tundu la koo la hewa liko nyuma tu ya ulimi na maji yataingia mapafuni. Chakula kiwe cha unga cha kuku wakubwa, kilicholowekwa hadi kiwe uji mzito, kidogo kidogo. Jicho lisafishe kwa pamba na maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi ya mililita 250.

Kwa mafua, duka la dawa za mifugo mara nyingi litakupa oksitetrasaiklini au doksisaiklini. Fuata kipimo cha pakiti, na maji yenye dawa yawe ndiyo pekee aliyowekewa. Usimpe pamoja na maziwa, chokaa au maganda ya mayai, kwa sababu kalsiamu huishika dawa isifyonzwe. Maliza siku zote zilizoandikwa hata akichangamka mapema.

Sasa kuwika. Jogoo ana saa ndani ya mwili. Huanza kabla mwanga haujaonekana, hata akiwa gizani. Giza peke yake halimzuii. Linachopunguza ni vichocheo: taa ya gari, balbu ya uani. Jogoo wa jirani yeye hupenya kwa sauti. Ili awike vizuri ni lazima asimame na kunyoosha shingo. Ndiyo maana dari fupi husaidia: boksi la sentimita 50 kwa 50, kimo cha 35 hadi 40 kwa jogoo wa kienyeji wa wastani, aweze kusimama shingo ikiwa imekunjwa na kugeuka bila shida. Mpime yeye kwanza, namba baadaye. Lakini jogoo anayehema mdomo wazi hunyoosha shingo ili apate hewa, hivyo dari fupi ni marufuku mpaka apumue kimya.

Toboa matundu ya upana wa kidole pande mbili, ya chini na ya juu, ili hewa ya moto itoke. Tundika gunia au blanketi zito sentimita 10 mbele ya matundu, lisiyaguse. Ukiongeza sponji ya kuzuia sauti, ibaki nje, ndani ataidonoa. Chini weka kipande cha godoro ili sakafu isibebe sauti. Ukifungua asubuhi harufu ikachoma pua, hewa haitoshi. Kwenye joto la Pwani hilo linaua haraka kuliko mafua.

Mahali pia pana maana. Nyumba nyingi za vyumba zina kuta zisizofika kwenye bati, na sauti hupita juu hadi chumba cha mwisho. Stoo ya uani yenye dari ni bora kuliko chumba chako. Mfungie usiku akiwa ameshakula, maana kuku hali gizani, na umtoe kukipambazuka vizuri. Usimfunge mdomo kwa uzi wala shingo kwa mkanda: kuku hatoi jasho, anapoa kwa kuhema.

Akipona, kumbuka kuwa aliyeugua mafua anaweza kubaki na vijidudu na kuwaambukiza wengine miezi baadaye. Wenye kundi kubwa hufanya vizuri kumchinja kuliko kumrudisha, mradi siku za kusubiri zilizo kwenye pakiti ya dawa ziwe zimekwisha.