Namna ya Kutathmini Utendaji wa Wahadhiri

Tathmini huanza kabla ya mwaka wa masomo, pale mkuu wa idara na mhadhiri wanapokubaliana kwa maandishi kuhusu kozi zitakazofundishwa, tasnifu zitakazosimamiwa, utafiti unaotarajiwa na kazi za kamati. Pasipo makubaliano hayo, aliyebeba darasa la wanafunzi 400 atapimwa sawa na mwenye wanafunzi 15, jambo ambalo ni dhuluma.

Dodoso la wanafunzi ndilo linalotegemewa mno, na ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Mwanafunzi ni shahidi mzuri wa aliyoyaona: je, mhadhiri alifika kwa wakati, alieleweka, alirudisha kazi mapema? Kama maudhui yanakwenda na wakati, hilo waulizwe wanataaluma wenzake. Uchambuzi wa mwanasaikolojia Bob Uttl na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulijumlisha tafiti nyingi na haukuona uhusiano wa maana kati ya alama anazopewa mwalimu na kiasi ambacho wanafunzi wamejifunza. Kwa hiyo usitosheke na wastani. Katika darasa la watu 60, dodoso likijibiwa na 8, wastani wa 3 kati ya 5 waweza kutokana na wanne waliotoa 5 na wanne waliotoa 1, na hali hiyo ni tofauti kabisa na ile ya wote kutoa 3. Tazama mtawanyo wa majibu, soma maoni ya maandishi, kisha linganisha mihula kadhaa.

Mhadhiri mwenzake wa fani hiyohiyo naye aketi darasani anapofundisha, wakiwa wamezungumza kwanza kuhusu lengo la kipindi. Aandike alichokiona: "aliuliza maswali sita, matano akajijibu mwenyewe" kunasaidia kuliko "hashirikishi wanafunzi". Mimi binafsi huanzia kwenye karatasi za mtihani zilizosahihishwa, kwani hapo huonekana upesi kama alama zimetolewa kwa mwongozo au kwa kubahatisha.

Kwa upande wa utafiti, soma makala zenyewe; Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoandaliwa mwaka 2012, lilionya dhidi ya kupima kazi ya mtu kwa hadhi ya jarida.

Mhadhiri aisome ripoti na kuijibu kabla haijatiwa saini, na ajue rufaa hupelekwa kwa nani. Kikao cha kumsaidia aboreshe ufundishaji kitenganishwe na kile cha kuamua kupandishwa cheo, la sivyo ataficha udhaifu uleule unaotaka kuurekebisha.