Mteja Anasema Njia ya Gari Haiko Levo: Jinsi ya Kumaliza Ugomvi Bila Kuzima Simu

Simu ya lawama hupigwa asubuhi baada ya mvua. Hata hujasalimia umeshaambiwa: "Fundi, hebu njoo uone bwawa ulilonichimbia." Ukishamwaga zege Dar es Salaam kwa misimu miwili mitatu ya masika, simu hii unaijua. Mimi nimeipokea mara nyingi, na zamani nilikuwa naizima. Naandika kwa fundi mwenzangu anayemwaga njia za magari majumbani, kutoka getini hadi gereji au kibarazani, anayetaka kumaliza malalamiko kabla jina lake halijaanikwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa.

Shika hili moja: usibishane na usitaje hela kabla hujapima, tena upime mteja akiwa hapo hapo.

Hatua ya 1: Pokea simu, omba picha, taja siku

Sema hivi tu: "Pole mama, naomba unipigie picha sasa hivi kabla maji hayajakauka. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa hapo." Pole si kukiri kosa. Kinachokufunga ni maneno yanayofuata pale unapoanza kujitetea.

Mwalimu mmoja mstaafu kule Goba alinipigia wakati wa vuli, nami nikamjibu, "Mwalimu, mvua ya jana ilikuwa kubwa mno." Akanyamaza, akakata simu. Baada ya dakika tano ikaingia picha: rula ya shule imesimamishwa kwenye maji mbele ya gereji, alama ya sentimita 3 inaonekana safi. Chini yake ameandika, "Soma mwenyewe." Nilifika mchana ule ule. Nitamrudia.

Hatua ya 2: Beba vifaa

Mpira wa levo unaoonyesha maji ndani, wa mita 10 au 15. Futi ya kupimia, kamba, chaki, ndoo mbili, kipande cha nondo, kadi ya benki iliyokwisha muda, na daftari lenye vipimo mlivyokubaliana. Usiende na vibarua watatu, mteja ataona umekuja kumtisha. Hata saidia fundi mwache, utaona kwa nini.

Hatua ya 3: Mwache azungumze mkiwa mnatembea

Msisimame getini. Mwambie akuonyeshe kila kinachomkera, na uandike kwa maneno yake mwenyewe. Usimkatize hata akikosea. Akimaliza muulize maswali matatu: tatizo ameliona lini mara ya kwanza, magari gani yamepita hapa, na ni kitu gani kimejengwa au kimebadilishwa tangu uondoke. Hilo la mwisho ndilo limeniokoa mara nyingi, na siku nilizosahau kuliuliza nimelipa mimi.

Hapa pia ndipo utagundua anacholalamikia hasa. Mteja akisema "haiko levo" mara nyingi anamaanisha maji yanatuama. Njia ya gari iliyo levo kabisa ndiyo mbovu, kwa sababu maji hayana pa kwenda. Mweleze taratibu kwamba nje tunamwaga kwa mteremko. Usimcheke, hakuna aliyewahi kumwambia.

Hatua ya 4: Mwaga maji

Anzia juu, mwaga ndoo kadhaa, kisha mkae pembeni. Yaliyo mengi yataondoka yenyewe. Subiri saa moja hivi, kisha zungushia chaki kila palipobaki maji na upige picha. Kanuni yangu: nalaza sarafu ya shilingi mia kwenye maji. Yakishindwa kuifunika, huo ni unyevu tu na jua litaukausha. Yakiifunika, hapo pana shimo na lazima tulizungumzie. Mueleze mteja kanuni hii kabla ya kumwaga. Ukimweleza baadaye ataona umeitunga ili kujiokoa.

Hatua ya 5: Chukua levo, mteja akishika mpira

Jaza mpira wa levo polepole, usiache mapovu ndani. Weka ncha zote mbili pamoja kwanza, maji yalingane, naye aone. Kisha mpe ncha moja asimame nayo mlangoni mwa gereji, wewe nenda getini na ya pili. Maji yakitulia, kila mmoja apime kutoka usawa wa maji hadi kwenye zege na asome kwa sauti.

Tuseme njia ina mita 8. Yeye amesoma sentimita 100, wewe umesoma 112. Mteremko ni sentimita 12 kwa mita 8, yaani sentimita moja na nusu kwa kila mita. Mimi nalenga kati ya sentimita 1 na 2 kwa mita, kwa hiyo kwa urefu huo popote kati ya 8 na 16 niko salama. Kisha vuta kamba kati ya ncha mbili uone wapi jamvi, yaani zege lenyewe lililolazwa chini, limebonyea.

Mtu aliyesoma namba kwa mdomo wake mwenyewe hagombani nazo. Ndiyo maana saidia fundi nilimwacha.

Hatua ya 6: Tafuta chanzo

Hapa usiwe na haraka. Kuna madai ya aina nne, na kila moja lina chanzo chake.

Maji kutuama bila jamvi kuzama. Ukiona bonde dogo katikati ilhali ncha mbili ziko sawa, ubao wa kusawazishia ulivutwa vibaya, au mbao za pembeni zilipinda wakati wa kumwaga. Hilo ni lako. Usiisingizie mvua.

Nyufa. Jaribu kuingiza ile kadi ya benki, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.8. Isipoingia, na pande mbili za ufa ziko usawa mmoja, hiyo kwa kawaida ni zege kusinyaa lilipokuwa linakauka. Linaudhi kwa macho lakini halijafa. Ikiingia, au upande mmoja umekuwa juu ya mwingine kiasi cha ukucha kukwama, chini kuna kitu kimeondoka. Kisha jiulize kama ulikata mistari. Jamvi la sentimita 10 linataka mstari kila mita 2.5 hadi 3, wenye kina cha robo ya unene, yaani sentimita 2.5, na ukatwe mapema, isizidi kesho yake. Usipolikata, zege litajikatia lenyewe linapotaka, na halitachagua sehemu nzuri.

Kuzama. Gonga kwa nondo, kipande kimoja baada ya kingine. Palipojaa panalia kavu, palipo tupu chini panalia kama ngoma. Mwache mteja naye agonge. Palipo tupu, pana mambo ya kuchunguza: kifusi kilishindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 au kilimwagwa chote siku moja kikakanyagwa kwa miguu? Bomba la gata linamwaga maji wapi? Chemba inavuja? Nimewahi kukuta bomba la gata linashuka sentimita chache tu kutoka ukingo wa jamvi, limechota mchanga wote wa chini kimya kimya kwa masika mawili.

Halafu kuna boza. Boza la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji, bado hujahesabu gari lenyewe. Ukimwaga jamvi la sentimita 10 kwa ajili ya gari dogo, na siku ya sita mteja akaingiza boza kwa sababu tangi limekauka, utapata ufa wa kona na kuzama kwa pamoja. Zege huhesabiwa nguvu yake kamili siku ya 28. Lakini jiulize: ulimwambia? Ulimwandikia? Kama hukumwambia, nusu ya kosa ni lako, sema usiseme.

Vumbi na kuchubuka juu. Maji yalizidi kwenye mchanganyiko, au zege halikumwagiliwa siku saba za kwanza. La kwanza ni lako moja kwa moja. La pili linategemea nani alipewa kazi ya kumwagilia. Mafundi wengi tunaondoka tukimwachia dada wa kazi maagizo ya mdomo, kisha tunamlaumu yeye.

Hatua ya 7: Gawa kosa, anza na lako

Kaeni chini na daftari. Taja kwanza kilicho chako, waziwazi: "Mama, hapa mimi nilikosea kuvuta ubao." Ukianza na cha mteja, hatasikia kingine. Kisha taja cha kwake, ukimrudisha kwenye namba alizosoma mwenyewe.

Hela mzihesabu pamoja, kwa vifaa. Kipande cha mita 3 kwa 3, unene sentimita 10, ni mita 0.9 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne (saruji, mchanga, kokoto) utahitaji karibu mifuko 6 ya saruji ya kilo 50. Ongeza mchanga, kokoto, vibarua, na gari la kubeba zege lililovunjwa, ambalo mafundi huwa tunalisahau. Mteja akiona hesabu inatoka kwenye futi na haitoki kichwani mwako, mazungumzo hubadilika. Na usirudishe hela taslimu ili tu yaishe. Atabaki na bwawa, wewe utabaki na jina baya.

Hatua ya 8: Andika, kisha rekebisha

Karatasi moja inatosha: kilichoonekana, kitakachofanyika, nani ananunua nini, lini kitaisha, na jaribio la maji litakalothibitisha. Wote mtie saini, kisha muipige picha. Kwa sheria ya mikataba ya Tanzania hata makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, lakini kuyathibitisha ndiyo kazi. Meseji za simu zitunze, nazo ni ushahidi.

Kwenye marekebisho kishawishi kikubwa ni kupaka niru (uji wa saruji) au plasta nyembamba juu ya bonde. Usifanye. Sentimita moja ya plasta chini ya matairi itabanduka kama ganda la yai, na mteja atakuwa na lawama mbili badala ya moja. Kama ni kinundu kinachozuia maji, kisage kwa mashine. Kama maji yanakosa pa kutokea, kata mfereji mwembamba na uweke wavu wa chuma juu. Kama kipande kimezama, kata kwa grenda kwenye mistari, vunja hicho tu, shindilia chini upya, mwaga tena. Marekani wana mashine za kutoboa jamvi na kusukuma chini yake uji wa saruji au povu hadi linyanyuke. Mimi kwa nyumba za huku bado navunja. Nikivunja naona kilichokuwa chini, na kama ni chemba inayovuja, kunyanyua kungekuwa kazi bure. Mwambie mteja mapema kwamba kipande kipya kitakuwa na rangi tofauti na cha zamani.

Hatua ya 9: Mkishindwa kuelewana

Tafuteni fundi mwingine au mhandisi ambaye nyote mnamkubali, apime upya, na gharama yake mgawane. Ikishindikana, mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa huwa anasuluhisha. Ngazi inayofuata ni Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi huendeshwa kwa Kiswahili. Nenda na karatasi, picha za chaki na vipimo. Mimi sijafika huko, na sina hamu.

Hatua ya 10: Kazi inayofuata, andika haya kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa

Unene wa zege na aina ya gari litakalopita. Maji yatatokea wapi. Nani atamwagilia na kwa siku ngapi. Siku ambayo gari dogo litaruhusiwa, na marufuku ya boza. Na sehemu ya mwisho ya malipo, mimi huweka asilimia 10, inayolipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza. Wenzangu wananiambia najikaba mwenyewe. Labda. Lakini mteja anayeshikilia hela yangu hupiga simu kwa adabu zaidi.

Sasa yule mwalimu wa Goba. Tulipima, yeye akishika mpira upande wa gereji. Mteremko ulikuwa sawa kabisa, sentimita 14 kwa mita 9, nikaanza kutabasamu. Akaniuliza, "Sasa maji yangu yanarudi kwa nini?" Tukafuata kamba hadi getini. Baada ya mimi kuondoka, fundi wa kuchomelea alikuja kufunga geti la kusukuma, akamwaga ukanda wa zege kushikilia reli yake, na ukanda ule ukawa juu ya jamvi langu kwa sentimita kama 15. Nilikuwa nimemjengea mteremko mzuri unaoishia ukutani. Mwalimu hakuwa amekosea, na yule mchomeleaji hakuambiwa. Mimi sikuuliza geti litakuwa la aina gani.

Tukakubaliana: kazi ya kukata ukanda ni yangu, bomba mbili za kupitisha maji chini ya reli atanunua yeye. Ilikuwa kazi ya siku moja. Sehemu iliyobaki ya hela akasema atakaa nayo mpaka aone.

Masika yalipoanza alinitumia picha nyingine. Rula ile ile, imelazwa juu ya zege lililolowa, hakuna maji ya kuifunika. Chini ameandika: "Njoo uchukue chako."