Kabla Hujanunua Matairi: Mambo ya Kuzingatia kwa Ajili ya Mvua

Lami kavu humficha mtu aibu. Hata tairi kipara hushika vizuri jua likiwaka, ndiyo maana magari ya mashindano hufungwa matairi yasiyo na kashata (ile michongo ya juu ya tairi) kabisa siku za ukavu. Maji ndiyo yanayoumbua. Kwa hiyo ukienda kununua, nunua ukiifikiria siku ya mvua, hata kama mvua kwako ni ya msimu.

Anza na saizi. Isome ubavuni mwa tairi ulilonalo, kisha uilinganishe na kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, kwa sababu aliyekuwa na gari kabla yako huenda alibadilisha. Usiongeze upana kwa urembo. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma, hivyo huelea juu ya maji, bila kugusa lami, mapema kuliko jembamba.

Kina cha kashata. Tairi jipya la gari dogo huwa na takriban milimita 8. Sheria katika nchi za Ulaya inaruhusu lishuke hadi milimita 1.6, na ndani ya mifereji kuna vinundu vinavyokuonyesha umefika hapo. Usisubiri vinundu. Ikishuka chini ya milimita 3, mifereji haina tena nafasi ya kupitisha maji mengi kwa mwendo wa barabara kuu, sheria iseme itakavyo. Na ukipewa tairi la mtumba lenye kashata zilizochongwa upya kwa kisu cha moto, lirudishe hapo hapo. Kilichochongwa ni mpira uliokuwa unakinga nyuzi.

Umri. Tafuta ubavuni namba inayoanza na DOT, usome tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo: unakauka, unakuwa mgumu, na mpira mgumu juu ya lami yenye maji huteleza hata kashata zikiwa nzima zote. Muuzaji akikuapia kuwa tairi halijawahi kutembea, mwambie hukuuliza limetembea wapi, umeuliza limetengenezwa lini.

Lebo zinasaidia, ila zisome kwa akili. Tangu 2012 matairi yanayouzwa Umoja wa Ulaya hubeba lebo yenye alama ya wingu la mvua, na tangu Mei 2021 madaraja yake ni A hadi E. Marekani huandika ubavuni neno TRACTION na herufi AA, A, B au C. Zote mbili hupima breki za mstari ulionyooka kwenye sehemu iliyoloa. Kona hazimo, wala kuelea juu ya maji yaliyotuama. Tena lililopimwa ni tairi jipya, si lako la mwaka wa nne. Karibu na TRACTION utaona TREADWEAR na namba. Hiyo wauzaji huipenda, maana ikiwa kubwa wanasema tairi "halimaliziki". Mara nyingi ni kweli, na mara nyingi mpira wake ni mgumu zaidi. Ukilazimika kuchagua kati ya kudumu na kushika, chagua kushika. Ulizia pia kama mpira umechanganywa silika (unga wa madini, kwa Kiingereza silica), maana huo hubaki laini na kung'ang'ania lami iliyoloa vizuri zaidi.

Kashata zenye umbo la V husukuma maji pembeni vizuri, mradi tairi lifungwe kwa kufuata mshale wa ROTATION. Matairi yenye neno OUTSIDE, neno hilo litazame nje. Fundi mwenye haraka hukosea haya mawili, kwa hiyo simama hapo hapo uangalie.

Sasa hili la kununua mawili badala ya manne, maana wengi ndipo tunapoangukia.

Binamu yangu alikuwa na gari linalovuta kwa mbele. Hela ilitosha matairi mawili. Fundi akamshauri mapya yakae mbele, kwa kuwa ndiyo yanayovuta, yanayokata kona na yanayobeba kazi kubwa ya breki. Inaingia akilini kabisa, na hakuna aliyebisha. Nyuma yakabaki yale ya zamani, yenye kashata za kubahatisha.

Gari likawa tamu kuliko zamani, na hapo ndipo ubaya ulipojificha. Dereva huisikia barabara kupitia usukani, na usukani huleta habari za mbele tu. Mbele kulikuwa kunashika, kwa hiyo mikono ikamwambia barabara ni salama, naye akaenda kwa mwendo alioambiwa na mikono. Siku ya mvua tukaingia kona ndefu iliyotandaa maji. Matairi ya mbele yakapita kama hakuna kitu. Ya nyuma yakaelea. Kusikia mkia unahama, akaachia mafuta ghafla, uzito ukaenda mbele, nyuma kukazidi kuwa kwepesi. Sikumbuki kelele yoyote, nakumbuka tu kuona barabara tuliyotoka ikiwa mbele yetu. Mtaro ukatupokea. Rimu mbili zilipinda, na ubavu mzima wa gari ukaenda kunyooshwa. Bahati hapakuwa na gari lililokuwa linakuja.

Binamu alilaani matairi mapya, akidai ameuziwa feki. Fundi aliyenyoosha gari ndiye aliyepitisha kidole kwenye ya nyuma na kumweleza. Mbele kukiteleza, gari hukataa kona na kutaka kunyooka. Unapunguza mafuta polepole, unashika tena. Nyuma kukiteleza, gari huzunguka, na madereva wachache sana huweza kulirudisha. Kwa hiyo mawili mapya hukaa nyuma, hata gari livute kwa mbele, hata fundi anune. Watengenezaji wakubwa, Michelin wakiwemo, hushauri hivyo hivyo. Kama gari linavuta magurudumu yote manne, soma kwanza kitabu chake, maana mengi hayataki matairi yaliyotofautiana kuisha.

Upepo ni bure au karibu na bure, na bado watu wanaudharau. Kuna hesabu ya watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliyoipata kwa matairi ya ndege, inayoonyesha mwendo ambao tairi huanza kuelea maji yakizidi uwezo wa kashata: kwa psi (kipimo cha upepo wa tairi) 32 ni kama kilomita 94 kwa saa, kwa psi 24 hushuka hadi kama 82. Ni makadirio, lakini ujumbe wake uko wazi. Pima matairi yakiwa ya baridi, kwa geji yako mwenyewe, si kwa kuyapiga teke.

Mengine ni ya kawaida. Matairi mapya huwa na utelezi wa kiwandani, yaendeshe kwa upole kilomita mia mbili tatu za mwanzo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huchanganya oili na vumbi, nayo ni mbaya kuliko ya tatu. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, usikanyage breki wala usikate kona. Achia mafuta taratibu na ushike usukani umenyooka. Alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, ikienda kombo, kashata huisha upande wa ndani usiouona, kwa hiyo inama uchungulie. Na spea nayo isome DOT yake. Kama ni lile jembamba la dharura, mwisho wake ulioandikwa ubavuni kwa kawaida ni kilomita 80 kwa saa, na hiyo si kwenye mvua.