Kabla hujaanza kumuuguza mgonjwa wa kisukari nyumbani

Mgonjwa hajatoka wodini, mwombe daktari akuandikie: ana kisukari cha aina ya kwanza au ya pili, dawa zipi kwa saa zipi, na sukari yake itakiwe kucheza kati ya ngapi na ngapi. Usiseme utakumbuka. Hutakumbuka.

Nunua mashine ya kupimia sukari pamoja na vijiti vyake. Mashine isiyo na vijiti ni pambo la mezani. Tazama pia inasoma kwa kipimo kipi, maana 7 ya milimoli (mmol/L) ni sawa na 126 ya miligramu (mg/dL), na ndugu wanaopeana namba kwenye simu bila kutaja kipimo watatiana hofu bure. Mgonjwa anawe na kukausha mikono kabla ya kutobolewa kidole. Aliyetoka kumenya tunda atakupa namba ya uongo.

Insulini (dawa ya sindano ya kushusha sukari) ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikiganda, itupe hata kama inauma. Ukiifungua, andika tarehe kwenye chupa; nyingi hazitakiwi kuvuka siku 28 hivi, soma karatasi yake. Bomba la sindano lilingane na chupa. Dawa ya yuniti 100 kwa mililita ukiivuta kwa bomba la yuniti 40, umempa mgonjwa mara mbili na nusu ya dozi yake. Na ubadilishe mahali pa kuchoma. Ngozi inayochomwa palepale kila siku hufanya uvimbe, na dawa hainyonywi vizuri.

Sasa tuje kwenye sukari kushuka, jambo ambalo mimi sikuambiwa, au niliambiwa nikawa nawaza usafiri.

Mama yangu alikuwa kwenye insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya polepole pamoja, asubuhi na jioni. Nilijisifu kwamba sijawahi kupitisha saa. Jioni moja akaonja vijiko viwili vya chakula, akasukuma sahani. Saa ya dawa ilipofika nikamchoma dozi yake kamili kama kawaida, nikaenda kulala nikijiona muuguzi. Saa nane usiku nikamkuta ameketi kitandani, nguo zimelowa chapachapa, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki. Nilipomshika akanifokea, yeye ambaye hafoki. Kichwani mwangu kisukari kilikuwa ni sukari kupanda tu. Vijiti vilikuwa vimeisha tangu juzi yake. Nikaenda kuchukua chupa ya insulini nimwongeze.

Kilichomwokoa ni kwamba kabla ya kuvuta dawa nilimpigia jirani ambaye ni muuguzi. Hakuniuliza sukari ni ngapi. Aliuliza, "Amekula nini jioni?" Nilipomjibu akasema, "Weka chini hiyo chupa. Anaweza kumeza? Mpe maji ya sukari, sasa hivi." Mama akanywa kidogo kidogo. Kama robo saa baadaye akanitazama akaniuliza kwa nini nimewasha taa.

Basi shika haya. Chini ya 3.9 kwa milimoli, au 70 kwa miligramu, sukari imeshuka. Dalili ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, ukali usio wa kawaida, maneno yasiyoeleweka. Mpe gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vijiko vya chai vitatu hadi vinne kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haina msaada hapa. Chokoleti nayo ni ya polepole kwa sababu ya mafuta. Subiri dakika 15, pima, rudia ikibidi, kisha mpe chakula. Huna kijiti? Mtibu kama aliyeshuka. Akiwa hajitambui, usimtie kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Hata akizinduka usimwache usiku huo, kwani insulini ya mchanganyiko na baadhi ya vidonge, kama glibenklamidi, huendelea kushusha kwa saa nyingi, hasa figo zikiwa dhaifu.

Lakini usije ukasoma haya ukaanza kumkatia dawa kila anapokataa kula. Mwenye aina ya kwanza asikose insulini kabisa hata akitapika. Akiikosa, damu yake hujaa asidi. Ndiyo maana swali la "asipokula nifanyeje?" unalimaliza kwa daktari mapema, namba za yuniti ziwe zimeandikwa.

Miguu: ikague kila siku, nyayo na katikati ya vidole. Maji ya kuoshea yapime kwa kiwiko chako, maana mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kidonda hata kidogo ni cha kituo cha afya, si cha kusubiri wiki ijayo.

Macho na figo mara moja kwa mwaka. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, zisitupwe ovyo. Dawa za kuchemsha za watu wa njiani, hapana. Akianza kutapika mfululizo, kuhema kwa nguvu au pumzi kunukia kama tunda lililoiva mno, usiulize mtu mtandaoni, tafuta gari. Na vijiti, vinunue vikiwa bado vimebaki kumi.