Somo: Kuku kumi na wawili wa mayai nyuma ya nyumba, kuanzia banda hadi trei ya kwanza

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kufuga, mwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba, anayetaka mayai ya familia na ziada kidogo ya kuuzia majirani. Nimechagua idadi ya kuku 12 kwa makusudi. Idadi hiyo inamwezesha mfugaji kumtambua kila kuku kwa sura na mwendo wake, na ikitokea kosa, hasara yake haitamvunja moyo akaacha kabisa. Ninayoyaeleza ni ya mazingira ya Tanzania, nami ninafugia Morogoro. Mwenzangu wa Mombasa au Bujumbura atayalinganisha na joto na bei za kwake.

Hatua ya kwanza: banda, kabla ya kununua kuku hata mmoja

Kuku wanne kwa mita moja ya mraba wanatosha, kwa hiyo kuku 12 wanahitaji mita za mraba 3, na ukiweza kuwapa 4 watakaa kwa utulivu zaidi. Ulalo wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua kali lisipenye ndani. Ukuta uishie usawa wa kiuno, na kutoka hapo hadi kwenye paa uweke wavu, kwa sababu hewa chafu ya kinyesi huwaumiza kuku macho na mapafu. Chagua wavu wenye matundu madogo: kicheche hupenya mahali ambapo hungedhani, na wanaoishi Dar es Salaam wanawajua vizuri kunguru wanaoiba mayai mchana kweupe.

Chini mwaga maranda au pumba za mpunga kwa kina cha takriban sentimita 8, uyageuze kila wiki na kuyaondoa yanapolowana. Weka vitagio vitatu, kila kimoja chenye upana wa sentimita 30 hivi, kwenye kona yenye giza, kwa kuwa kuku anapotaga hupenda kujificha. Fito za kulalia ziwe juu kuliko vitagio. Zikiwa chini, kuku watalala ndani ya vitagio na utaokota mayai yenye kinyesi kila asubuhi.

Hatua ya pili: kuchagua kuku

Kuku wa kienyeji wa kawaida hutaga mayai kati ya 40 na 60 kwa mwaka, huatamia, na hujitafutia sehemu ya chakula. Kuku wa kisasa wa mayai akitunzwa vizuri huweza kuzidi 280, lakini hasamehi uzembe wa chakula wala maji. Katikati wapo chotara kama Kuroiler, ambaye asili yake ni India, na Sasso wa Ufaransa. Hao hutaga kuliko wa kienyeji na nyama yao inauzika vizuri. Kwa anayetaka mayai hasa, ushauri wangu ni kuku wa kisasa.

Ninamsihi anayeanza asinunue vifaranga vya siku moja. Vifaranga vinahitaji joto usiku na mchana kwa wiki tatu hadi nne, chanjo kadhaa zinazofuatana kwa tarehe, na utavilisha kwa zaidi ya miezi minne kabla ya kuona yai. Nunua tembe, yaani kuku jike aliyekaribia kutaga, wa wiki 16 hivi, kutoka kwa mfugaji atakayekuonyesha daftari la chanjo. Asiyekuwa na daftari, mshukuru na uondoke.

Usiridhike na kuambiwa umri. Mshike tembe kwa upole, mgeuze, na upapase mifupa miwili ya nyonga iliyo pande mbili za tundu la kutagia. Kwa tembe wa wiki 16 kidole kimoja tu ndicho huingia kati ya mifupa hiyo. Kwa kuku anayetaga huingia vidole viwili hadi vitatu, na tundu lenyewe huwa pana na lenye unyevu. Tazama pia kilemba, ambacho wengine hukiita upanga: kwa tembe ni kidogo na kimepauka, na kadiri siku za kutaga zinavyokaribia hukua na kuwa chekundu cha kuiva. Nimeona watu wakiuziwa kuku waliokwisha kutaga mwaka mzima kwa jina la tembe, na vidole viwili tu vingewaokoa.

Hatua ya tatu: chanjo ya kideri

Hapa ninaomba msomaji asipite haraka. Kundi langu la kwanza lilikuwa la kuku 15, na 12 kati yao walikufa ndani ya siku sita kwa kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Chanjo nilikuwa nimeinunua na nimewapa. Lakini ilikuwa aina inayotakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, nami niliibeba mkobani bila barafu kuanzia asubuhi hadi jioni, nikiwa na shughuli nyingine mjini. Nilichowapa kuku wangu hakikuwa chanjo tena.

Kwa mfugaji asiye na friji ipo chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko zile za kawaida na ambayo huzalishwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Hutolewa tone moja katika jicho moja la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuvumilia joto hakuna maana ya kuianika juani. Iweke mahali pa baridi na penye kivuli. Chanja kuku wazima tu, kwa sababu chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Ukitumia ile ya kuchanganya na maji ya kunywa, usitumie maji ya bomba yenye dawa ya klorini, kwani dawa hiyo huiua chanjo. Wanyime kuku maji kwa saa moja au mbili kabla, ili wote wanywe upesi na maji hayo yaishe ndani ya saa mbili.

Tembe uliowanunua wawe pia wamekwisha kupata chanjo za magonjwa mengine mawili ya kuku, Gumboro na ndui. Hilo utaliona katika daftari la muuzaji.

Hatua ya nne: chakula, maji na mwanga

Kuku anayetaga hula takriban gramu 120 kwa siku. Kuku 12 watakula karibu kilo moja na nusu, hivyo mfuko wa kilo 50 utakwenda siku 34 hivi. Wape chakula cha kukuzia hadi yai la kwanza litokee, kwa kawaida kati ya wiki ya 18 na ya 20, kisha wahamishie chakula cha kutagia polepole kwa muda wa wiki moja. Mwaka wa kwanza nunua kilichochanganywa tayari. Kuchanganya mwenyewe pumba, mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa ni jambo zuri, lakini linahitaji mizani na uzoefu. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape kamwe hata yakiwa ya bure, kwa sababu sumukuvu huharibu ini la kuku.

Maji ni muhimu kuliko chakula. Kuku 12 hunywa lita 3 au zaidi kwa siku, na wakati wa joto kali huweza kufikia lita 6. Wakikosa maji mchana mmoja tu, utagaji unaweza kushuka kwa siku kadhaa.

Mchana wetu ni wa saa 12 hivi, na kuku wa kisasa hutaga vizuri zaidi akipata mwanga wa saa 14 hadi 16. Taa ndogo inayowashwa alfajiri inatosha, lakini anza baada ya wiki ya 18 na uongeze nusu saa kila wiki.

Maswali ya wafugaji

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, ni lazima niwe na jogoo ili kuku watage?

Jibu: Marahaba. Si lazima. Tetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika tu ukitaka mayai ya kutotolesha. Bila jogoo hata majirani watalala vizuri.

Swali: Kuku wangu wana miezi minane, wanataga vizuri, ila mayai matatu au manne kwa wiki yana ganda laini kama ngozi. Chakula ninanunua dukani. Tatizo ni nini?

Jibu: Ndugu yangu, yai hutengenezwa kwa muda wa saa 24 hadi 26, na karibu saa 20 za muda huo ni za kujenga ganda. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, wakati kuku amelala na hali chochote. Chokaa iliyosagwa laini hupita tumboni upesi, ila vipande vikubwa kidogo hubaki katika firigisi na kuyeyuka taratibu usiku kucha. Kwa hiyo kila jioni, kama saa kumi, wawekee katika chombo cha peke yake magamba ya chaza yaliyopondwa kiasi cha punje za mchele, kila kuku ale anachokihitaji. Walio mbali na bahari watumie maganda ya mayai yaliyokaushwa, yakakaangwa kidogo na kupondwa hadi yasifanane tena na yai. Hakikisha pia kwamba hawashtuliwi usiku, kwa sababu kuku aliyetishwa huweza kulitoa yai kabla halijakamilika.

Swali: Mmoja ameanza kula mayai.

Jibu: Okota mayai mara tatu kwa siku, tia vitagio giza, na umtenge huyo kabla wenzake hawajajifunza.

Swali: Nimewapa kuku dawa ya mafua kwa siku tano na bado wanataga. Mama mkwe anasema ni dhambi kuyatupa mayai. Niyauze?

Jibu: Hapana, dada, na wala msiyale nyumbani. Dawa nyingi za kuua bakteria huingia ndani ya yai, na kuchemsha hakuziondoi zote. Soma kwenye pakiti siku za kusubiri baada ya dozi ya mwisho. Dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga, hivyo uliza kabla ya kununua. Mwambie mama kwa heshima kwamba mayai hayo tunayafukia kwa ajili ya wajukuu wake.

Swali: Kuku wa jirani wanakufa kwa wingi, wanaharisha kijani na shingo zinapinda. Wangu bado wazima. Nifanye nini leo?

Jibu: Dalili hizo ni za kideri. Leo hii wafungie kuku wako ndani, na usiende kwa jirani kisha ukaingia bandani na viatu vilevile. Kama miezi mitatu imepita tangu uwachanje, wachanje leo. Mpigie afisa mifugo wa kata, na umsaidie jirani kuchimba shimo refu la kufukia mizoga, kwa maana ikitupwa jalalani mbwa na kunguru wataisambaza mtaa mzima. Usinunue kuku mwingine hadi hali itulie, na utakayemleta baadaye akae peke yake kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake.